Mhariri wa Safu Mbili: Gazeti katika Uandishi wa Sol T. Plaatje

Katika mihadhara na tahakiki nyingi za fasihi ya Kiafrika, jina la Solomon Tshekisho Plaatje hutajwa kwa sababu moja tu: kwamba riwaya yake Mhudi, iliyochapishwa na Lovedale mwaka 1930, huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuandikwa na Mwafrika mweusi wa Afrika Kusini. Sentensi hiyo ikishatamkwa, msimulizi wa historia ya fasihi huvuka upesi hadi kwa Peter Abrahams, na Plaatje hubaki nyuma kama kigingi cha kupimia umbali. Ama magazeti aliyoyahariri kwa muda wa zaidi ya mwongo mmoja, hayo huwekwa katika aya ya wasifu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na idadi ya lugha alizozijua, kana kwamba yalikuwa kibarua cha kumpatia riziki kilichomchelewesha kuifikia kazi yake halisi. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Gazeti lilikuwa karakana ambamo Plaatje alijifunza usimulizi, hoja na tafsiri, na mhakiki asiyelitazama gazeti hana budi kuusoma vibaya ushairi wa nathari yake, na siasa yake pia.

Plaatje alizaliwa mwaka 1876 katika eneo la Boshof, Orange Free State, katika ukoo wa Warolong, mojawapo ya makabila ya Watswana. Alisomea katika misheni ya Wajerumani huko Pniel, na mwaka 1894 akaajiriwa kuwa tarishi wa simu za maandishi katika posta ya Kimberley. Mwaka 1898 akahamia Mafikeng kuwa mkalimani wa mahakama. Kazi hii ya mwisho inastahili kutiliwa maanani kuliko wafanyavyo wengi. Mkalimani wa mahakama ni mtu ambaye neno lake linaweza kumpeleka asiye na hatia gerezani, maadamu hakimu hamwelewi mshtakiwa na mshtakiwa hamwelewi hakimu. Plaatje aliandika insha nzima juu ya jambo hilo, ingawa haikuchapishwa enzi ya uhai wake. Kwake yeye tafsiri haikuwa pambo la msomi. Ilikuwa suala la haki kabla haijawa suala la fasihi, na msimamo huo hakuuacha alipoingia katika uhariri.

Mwaka 1902 alikuwa mhariri wa Koranta ea Becoana, gazeti lililotolewa Mafikeng kwa fedha za Silas Molema, mtu mwenye cheo miongoni mwa Warolong. Lilichapishwa kwa Kitswana na Kiingereza. Lilikuwa gazeti dogo la mji mdogo, lenye wasomaji wachache waliolipa na wengi waliosomewa, na madeni ndiyo yaliyolizima miaka michache baadaye. Mwaka 1910 Plaatje alianza upya huko Kimberley na Tsala ea Becoana, ambalo baadaye liligeuka na kuwa Tsala ea Batho. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kuyaona mabadiliko hayo, kwani batho ni watu wetu wenyewe katika vazi la kusini. Rafiki wa Watswana akawa Rafiki wa Watu. Badiliko hilo lilikuja katika kipindi kile kile ambacho Plaatje, akiwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichoundwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912 na ambacho tangu 1923 kinaitwa African National Congress, alikuwa akijitahidi kuwaunganisha watu waliozoea kuitana kwa majina ya makabila. Wahakiki wanaotafuta itikadi yake katika riwaya peke yake wangefaidika kuanza na kichwa cha gazeti. Na kwamba mtoto wake wa kiume aliyezaliwa mwaka 1912, naye akafariki akiwa bado mchanga, alipewa jina la Johannes Gutenberg, mvumbuzi wa uchapaji, ni jambo linalotosha kuonyesha mtu huyu aliweka wapi tumaini lake.

Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913 ndiyo iliyolipa gazeti hilo uzito wake. Sheria hii iliwatengea Waafrika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi, ikawakataza kununua au kukodi ardhi nje ya hapo, na katika Orange Free State ikaupiga marufuku ukulima wa kugawana mavuno, ambao ulikuwa umewawezesha Waafrika wenye mifugo kuishi katika mashamba ya Makaburu bila kuwa vibarua. Msomaji wa Kenya anayeijua historia ya maskwota wa nyanda za juu, na sheria ya mwaka 1918 iliyowabana kwa njia inayoshabihiana na hiyo, hatahitaji maelezo marefu. Plaatje alipanda baiskeli katika majira ya baridi ya mwaka huo akazunguka kuwatazama waliofukuzwa, akayaandika aliyoyaona kama mwanahabari. Ripoti hizo ndizo mbegu ya kitabu chake Native Life in South Africa, kilichotoka London mwaka 1916.

Kitabu hiki kimewasumbua wahakiki kwa sababu hakikai katika utanzu wowote. Ndani yake mna matini ya sheria yenyewe, mijadala ya bunge, barua kwa wahariri, taarifa za safari, sura juu ya wanawake wa Orange Free State waliokataa kubeba vipande, historia ya Warolong, na masimulizi ya mzingiro wa Mafikeng. Wapo wanaouona mchanganyiko huo kuwa udhaifu wa fani. Lakini atakayekisoma kama gazeti lililofungwa kwa jalada ataona mantiki yake papo hapo. Mhariri huweka taarifa ya serikali kando ya ushahidi wa mtu aliyeathirika, akamwachia msomaji aone pengo lililo kati yao. Hoja ya kitabu imo katika mpangilio huo kabla haijawa katika sentensi yoyote.

Kisa cha Kgobadi ni mfano ulio bora. Plaatje haanzi na machozi, anaanza na hesabu. Kgobadi alikuwa akipata zaidi ya pauni 100 kwa mwaka kwa kulima na ng'ombe wake; baada ya sheria, mwenye shamba anamtaka yeye, mkewe na ng'ombe wake wamtumikie kwa shilingi 30 kwa mwezi. Tofauti ya tarakimu hizo ndiyo inayomtoa mtu huyo kwake. Ndipo tunapomwona njiani, katika baridi, mbuzi wakizaa barabarani na vitoto vyao vikiachwa, na mtoto wa familia hiyo, aliyekuwa mgonjwa tangu safari ianze, akifa kabla ya kufika popote. Hawana mahali pa kumzika. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuwashtaki. Wanachimba kaburi usiku, kwa siri, katika ardhi ya mtu mwingine. Msimulizi anakumbusha kwamba hata mhalifu aliyenyongwa hupewa kaburi, kisha hasemi mengi zaidi. Sheria iliyonukuliwa kifungu kwa kifungu katika sura iliyotangulia sasa imefika kwenye shimo lenye urefu wa mtoto. Hakuna mbinu ya riwaya hapa iliyoazimwa kutoka Ulaya. Hii ni nidhamu ya ripota anayejua kwamba tarakimu ikitangulia, huzuni haitaitwa porojo.

Katika kitabu hicho hicho Plaatje anatenga sura nzima kumshambulia John Tengo Jabavu, mhariri wa Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa lililokuwa mzee kuliko yake yote, kwa kuiunga mkono sheria hiyo. Sura hiyo huachwa katika mijadala mingi, labda kwa sababu inaonekana kuwa ugomvi wa wenye magazeti. Si hivyo. Jabavu alikuwa mwanzilishi, na Plaatje hamnyimi sifa hiyo; anachouliza ni nini kinachobaki cha gazeti la wenyeji pindi mhariri wake anapowasikiliza zaidi marafiki zake walio serikalini kuliko wasomaji wake waliofukuzwa. Swali hilo halijapoteza makali yake.

Lawama kubwa anayotupiwa Plaatje ni ya uaminifu wake kwa dola ya Uingereza. Native Life imejaa rufaa kwa dhamiri ya Waingereza na ukumbusho wa jinsi Waafrika walivyowatumikia katika vita vya Makaburu na katika Vita Kuu. Ujumbe uliokwenda London mwaka 1914, naye akiwamo, ulipuuzwa na waziri wa makoloni, Harcourt; aliporudi na ujumbe wa pili akasikilizwa na Lloyd George mwaka 1919, sheria haikubadilika hata kwa herufi. Ni sawa kusema kwamba rufaa ilishindwa, na ni sawa pia kusema kwamba umbo la ombi lilimgharimu: mwombaji hulazimika kumsifu anayeombwa, na kuna kurasa ambamo sifa hizo zinachosha. Hata hivyo, kuichukua sauti hiyo ya Kiingereza kuwa ndiyo nafsi nzima ya Plaatje ni kosa la kimbinu. Safu ya Kiingereza ilimwelekea hakimu, wakili na mbunge. Safu ya Kitswana iliwaelekea watu wake. Mtu hasemi na hakimu kama asemavyo na jamaa zake, na mkalimani wa Mafikeng alilijua hilo kuliko wengi. Mhakiki anayetoa hukumu akiwa amesikiliza upande mmoja wa kesi anafanya lile ambalo Plaatje alilipinga mahakamani.

Ushahidi wa upande wa pili haumo katika magazeti peke yake. Mwaka 1916, mwaka ule ule wa Native Life, alitoa mkusanyiko wa methali 732 za Kitswana pamoja na tafsiri zake, na kitabu cha kusomea Kitswana alichokiandaa na mwanafonetiki Daniel Jones. Mwaka huo pia aliandika kwa lugha zote mbili katika kitabu cha kumuenzi Shakespeare kilichohaririwa na Israel Gollancz. Diphosho-phosho, tafsiri yake ya The Comedy of Errors, ilitoka mwaka 1930. Sisi tuliozoea kumtaja Julius Nyerere kila tunapozungumzia Shakespeare katika lugha za Kiafrika, kwa Juliasi Kaizari ya 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969, hatuna budi kukumbuka kwamba kazi hiyo ilikuwa imefanywa kusini mwongo wa tatu kabla, na mtu aliyekuwa na sababu zinazofanana: kuionyesha lugha yake inaweza kubeba nini.

Mhudi nayo husomeka tofauti ikiwekwa katika muktadha huu. Riwaya inarudi nyuma hadi miaka ya 1830, Warolong walipovamiwa na Wandebele wa Mzilikazi. Wakoloni walikuwa wameshakiandika kisa hicho. Plaatje anakiandika tena kutoka upande wa walioshambuliwa, akianza na jambo ambalo masimulizi rasmi yaliliacha, yaani kuuawa kwa wajumbe wa Mzilikazi waliokuja kudai kodi. Ni masahihisho ya habari. Hata Mzilikazi anapewa nafasi ya kujieleza, na utabiri wake mwishoni, kwamba Warolong watajuta kwa kushirikiana na Makaburu, unatoka kinywani mwa adui lakini unathibitishwa na kaburi la mtoto wa Kgobadi. Mhudi mwenyewe, kabla ya mumewe Ra-Thaga, anauona ukatili wa Makaburu kwa watumishi wao na kuutilia shaka urafiki huo. Mswada wa awali ulikuwa na mzee msimulizi aitwaye Half-a-Crown, ambaye katika toleo la Lovedale karibu afutike. Toleo la Heinemann la 1978 lilimrudisha. Wahakiki hawakubaliani kama mabadiliko yote yalikuwa ya wachapishaji wamishonari au kama mengine ni ya mwandishi, na hapana haja ya kumfanya Plaatje mhanga wa kila mkato. Alikuwa mhariri, kukata alikujua. Lakini msimulizi simulizi alipoondoka, riwaya ilipoteza kile kilichoiunganisha na safu ya Kitswana.

Kwa wanafunzi wa uzamili katika vyuo vyetu, somo lililo karibu zaidi halipo Kimberley. Muigwithania, lililohaririwa na Jomo Kenyatta tangu 1928, na Kwetu, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa na Erica Fiah Dar es Salaam mwaka 1937, yametumiwa sana na wanahistoria kama ghala la ushahidi wa siasa. Ni nadra kusomwa kama nathari: nani anasemeshwa, kwa lahaja gani, barua ya msomaji imewekwa kando ya tangazo lipi. Bila uchunguzi huo historia ya nathari ya Kiswahili itaendelea kuanzia kwenye vitabu vilivyopewa idhini na kamati za lugha za wakoloni.

Plaatje alifariki Juni 1932. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa amepinga kwa nguvu othografia mpya ya Kitswana iliyopendekezwa na wasomi wa vyuo vikuu, akidai kwamba wenye lugha hawakuulizwa. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1937, ikiwa imehaririwa na kusahihishwa na G. P. Lestrade, mmoja wa wasomi hao, kwa tahajia isiyokuwa ya Plaatje.