Nyumba isiyoonyesha mzimu wake

Wakati wa likizo tulitazama pamoja na waseminari filimu mbili zenye jina moja, The Haunting. Ya kwanza ilifanywa na Robert Wise mwaka 1963, ya pili na Jan de Bont mwaka 1999. Zote zimetoka katika kitabu cha Shirley Jackson, mwandishi wa Marekani, kilichotokea mwaka 1959. Tulianza na ya pili, sababu vijana waliitaka. Humo vichwa vya watoto vilivyochongwa katika mbao vinageuka, shuka linachukua sura ya mtoto, na mwisho mzimu wa bwana Crain, mwenye nyumba, unatokea mzima mzima, umechorwa kwa kompyuta. Filimu hiyo ilikula dola milioni 80. Waseminari walicheka. Usiku uliofuata tukawaonyesha ile ya zamani, isiyo na rangi hata kidogo. Hakuna aliyecheka, na tulipozima mashini mmoja akatuuliza: «Padri, lakini mzimu wenyewe ulikuwa wapi?»

Ulizo lake ni zuri, kwani Wise hakuuonyesha hata mara moja. Anatupa nyumba tu. Nyumba ile, Hill House, yasemwa kuwa Marekani, lakini kuta za nje ambazo tunaziona ni za jumba la Ettington Park, katika Uingereza. Ndani, fundi aliagiza vyumba vijengwe pamoja na dari zake, ili mwenye kutazama ajisikie amefungiwa. Alitumia pia kioo cha kupiga picha chenye kuona mahali papana sana, ambacho waliokitengeneza walikuwa bado hawajakimaliza: kilipinda mistari, naye alikitaka kwa sababu hiyo. Na mlango! Watu wanne wamekaa chumbani, kitu kinagonga nje, kisha mbao za mlango zinavimba taratibu kuelekea ndani, sawa na kifua cha mtu mwenye kuvuta pumzi. Nyuma ya mbao alikuwapo mfanyakazi tu, akisukuma. Tunalijua jambo hilo, na bado nywele zinatusimama.

Basi wengi husema: ficha mzimu, yatosha. Sisi hatukubali. Tumeona filimu nyingi zenye kuficha kila kitu, na tukalala usingizi mwema. Giza peke yake ni giza. Yafaa kwanza kuuliza nani anagongewa.

Anayegongewa ni Eleanor, mwanamke asiye na mume wala nyumba. Miaka mingi alimwuguza mama yake. Usiku mmoja mama aligonga ukuta akiomba msaada, na Eleanor hakwenda, mama akafa. Sasa tazameni hadithi ya Hill House, ile daktari Markway anayoisimulia mwanzoni, ambayo mwenye haraka ataisahau. Binti ya Crain, akiisha kuzeeka, aligonga ukuta kwa fimbo yake kumwita mwanamke mwenye kumtunza. Huyu alikuwa barazani na mwanamume, hakwenda, mzee akafa. Nyuma mtunzaji alijinyonga ndani ya nyumba. Eleanor anaingia, na usiku wa kwanza kuta zinaanza kugongwa. Je, ni nani anayegonga? Binti ya Crain? Mama? Filimu haijibu, wala haihitaji kujibu. Kila pigo lina maana kwake kabla mlango haujafunguliwa. De Bont pia alimpa mwanamke wake mama mwenye kugonga, lakini kisha akatuletea jitu la kupigana nalo, na deni lile likasahauliwa.

Hapa turuhusiwe neno moja la kwetu. Padri na katekista wanajua kugongewa usiku: mgonjwa mahututi, njia mbali, mvua. Wanajua pia ule usiku ambao mtu amechoka, anasikia kitu, anajiambia ni upepo, anageuka upande wa pili. Pengine ulikuwa upepo. Tulipokuwa tukitazama, ni usiku wetu wa namna hiyo uliorudi, si Hill House.

Mizimu ya masimulizi ya wazee wetu ina jina na ukoo. Inadai kitu, na watu wanaweza kujadiliana nayo. Kile cha Hill House hakina jina, lakini chenyewe kinalijua jina la Eleanor: kinaliandika ukutani kwa chaki, kikimwita arudi nyumbani. Anaogopa, halafu polepole anafurahi, kwani hakuna nyumba nyingine iliyopata kumwita. Furaha ile ilitutisha kuliko pigo lolote. Hata katika giza, anapoukaza mkono wa mwenzake Theodora ili asiogope, anatafuta mtu wa kumshika. Taa inawaka, na Theodora yuko mbali, kitandani kwake. Basi ulikuwa mkono wa nani?

Filimu ina makosa yake. Daktari anasema mno, kama mwalimu asiyewaamini wanafunzi wake. Na mke wake anapotokea ghafula juu ya ngazi, huo ni mshtuko wa bei rahisi; tuliruka, kisha tukakasirika kwamba tumeruka.

Lakini mwisho hauna kosa. Wanamfukuza Eleanor kwa ajili ya usalama wake. Anaendesha motokari peke yake, usukani unakwenda mrama, motokari inaupiga mti uleule ambapo mke wa kwanza wa Crain alikufa katika gari lake la farasi. Tuliirudisha sehemu ile mara mbili. Nusu ya waseminari walisema ni nyumba iliyogeuza usukani, nusu walisema ni yeye, na kengele ya kulala ikapigwa bado wanabishana.