Mwenye Mizani na Mwenye Duka

Uko mjadala wa siku nyingi katika nchi ya Uingereza ambao kwa juu juu hautuhusu sisi watu wa visiwani. Je, bodi inayotunga mtihani na kutoa cheti ina haki ya kutia muhuri wake juu ya kitabu cha kiada na kusema kwamba hiki ndicho kinachofaa? Kule bodi ziko kadhaa, na kila skuli hujichagulia itakayowatahini vijana wake. Wachapishaji nao hugombania ruhusa ya kuandika jaladani kwamba kitabu chao kimeidhinishwa na bodi fulani. Jambo lenyewe limezidi kutatanika kwa kuwa mtahini na mchapishaji wamekuwa wakihamia nyumba moja. Mwaka 2003 kampuni ya Pearson, mchapishaji mkubwa wa vitabu, ilinunua sehemu kubwa ya bodi ya Edexcel. Mwaka 2021 shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Cambridge liliunganishwa na idara ya mitihani ya chuo hicho hicho. Tangu 2012 kamati ya elimu ya Bunge lao ilikwisha kuandika ripoti juu ya uendeshaji wa mitihani, na uhusiano wa bodi na vitabu ukawa miongoni mwa mambo yaliyowatia wasiwasi.

Msomaji ataniuliza, haya yanaingiaje katika kurasa za ushairi? Yanaingia kwa njia mbili. Kwanza, mtihani wa Cambridge ndio waliofanya wazee wetu waliobahatika kufika sekondari, karatasi zikitoka ng'ambo na majibu yakisahihishwa huko huko. Likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo mpaka leo ndilo linalowatahini vijana wa Unguja na Pemba katika Kidato cha Nne na cha Sita. Mila ya kumtazama mtahini kama hakimu wa elimu yote tumeirithi pamoja na mtihani wenyewe. Pili, hakuna somo ambalo mkono wa mtahini huonekana wazi kuliko fasihi. Mwanafunzi wa hesabu anaweza kujifunza kutoka kitabu chochote akafaulu. Mwanafunzi wa ushairi hutajiwa diwani kwa jina lake.

Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ya Kidato cha Nne ilichapishwa pamoja na orodha ya vitabu, na mtahiniwa akaamriwa achague humo. Upande wa ushairi majina yalikuwa matatu: *Wasakatonge* ya Mohammed Seif Khatib, *Malenga Wapya* ya Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ya hapa Zanzibar, na *Mashairi ya Chekacheka* ya Theobald Mvungi. Waliofika Kidato cha Sita walikutana na *Kimbunga* ya Haji Gora Haji, *Fungate ya Uhuru* ya Khatib, *Chungu Tamu* ya Mvungi na *Mapenzi Bora* ya Shaaban Robert. Orodha hutokana na muhtasari wa somo, lakini kijana haijui safari hiyo. Yeye huyaona majina ndani ya karatasi ya mtihani, na kwake huo ndio muhuri.

Tuseme haki kwanza, kabla ya lawama. Orodha ile imetufanyia wema mkubwa sisi wa visiwani. Hebu tazama: katika diwani tatu za Kidato cha Nne, mbili zimetoka kwetu. Haji Gora, mtoto wa Tumbatu, mvuvi na baharia ambaye elimu yake ilikuwa ya chuoni, ya Kurani, amesomwa na vijana wa Bukoba na Songea ambao hawajapata kuiona bahari. Ni duka gani la vitabu ambalo lingemfikisha huko kwa nguvu zake lenyewe? Soko letu la ushairi ni dogo. Mchapishaji huogopa diwani kama nahodha anavyouogopa mwamba usiku. Jina likiingia katika orodha, woga humtoka, kitabu huchapishwa tena, na mzazi mwenye shilingi chache hujua azitie wapi. Haji Gora na Khatib wote wawili walifariki mwaka 2021, na ikiwa vitabu vyao havikufuatana nao kaburini, orodha ina sehemu yake katika jambo hilo. Anayesema mtahini asitaje kitabu kabisa sharti atuambie nani mwengine angewataja.

Hata huko Uingereza watetezi wa vitabu hawakosi hoja. Tim Oates, mtafiti wa Cambridge Assessment, aliandika mwaka 2014 kwamba nchi kadhaa zinazosifika kwa elimu, Singapore na Finland zikiwamo, zilijengwa kwa vitabu vya kiada vilivyotungwa kwa uangalifu. Lakini huyo huyo alilalamika kwamba vitabu vingi vya kwao vimekuwa vyembamba kwa kuufuata mtihani mno. Hapo ndipo penye fundo. Kukagua ubora wa kitabu ni kazi njema. Kukifungamanisha kitabu na mtihani ni kazi nyengine, na mara nyingi ya pili huvaa kanzu ya kwanza.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita, mitihani ikiwa imekaribia, alinijia barazani binti wa jirani, mwanafunzi wa Kidato cha Sita, akitaka nimsaidie ushairi. Mimi si mwalimu wa kusomea. Nimejifunza kwa kusikiliza wakubwa na kwa kutafsiri, lakini mtaani huniita Maalim na mimi siwakatazi. Alikuja na kijitabu cha mwongozo, nakala ya kutoa kivuli, kurasa zimeanza kufifia. Nikamuuliza, "Diwani yenyewe iko wapi?" Akanitazama kwa mshangao. "Maalim, diwani ya nini tena? Humu yote yamo."

Nikakipitia kijitabu. Dhamira zilipangwa kwa nambari, ujumbe kwa nambari, tamathali kwa nambari. Mahala pamoja mwandishi alinukuu ubeti, kisha chini yake akaandika kwamba mshairi amevunja sheria ya mizani, kwani kipande kimoja kina mizani saba badala ya nane. Nikafungua diwani yangu. Mizani ilikuwa nane, kamili. Aliyenukuu alidondosha silabi, kisha akamhukumu mshairi kwa kosa la mkono wake mwenyewe. Na hukumu ile ilikwisha kukaririwa na madarasa mangapi?

Nikamwambia binti aliache lile karatasi, asome *Kimbunga* kwa sauti. Wanaolijua shairi lililokipa kitabu jina wanakumbuka kuwa linasimulia upepo uliopindua mambo juu chini, kwa namna ambayo akili haitarajii. Wengi wamelifumbua kama fumbo la mageuzi ya kisiasa, na ufumbuzi huo una mashiko. Binti akasoma mara moja kwa kusitasita. Mara ya pili sauti ikashika mwendo. Akanyamaza kidogo, akasema: "Maalim, mbona mimi naona huyu mzee anatutania? Anayapanga maajabu kwa uso mkavu, kama mtu anayejua tutamwamini tu." Nilifurahi mno. Hilo ndilo sikio. Utani wa uso mkavu ni sifa kongwe ya mafumbo yetu, na binti aliusikia bila ya kufundishwa na mtu. Kisha akaniuliza: "Nikiandika hivyo, nitapata maksi?"

Nilijua jibu la mshairi. Nikampa jibu la mzazi. "Andika ya kwenye mwongozo, mwanangu."

Alifaulu. Tukikutana njiani huniamkia kwa adabu, na habari za mashairi hatujazungumza tena.

Atakayelitetea baraza atasema, na atasema kweli, kwamba muhuri wa baraza haukuwapo juu ya kijitabu kile. Mimi silaumu muhuri wa wino. Nalaumu sura ya swali. Mtahiniwa huagizwa, kwa mfano, athibitishe kauli fulani kwa kutumia diwani mbili alizosoma, na kwa kila diwani atoe hoja tatu. Swali la namna hiyo halimtaki aliyesoma shairi. Linamtaka aliyebeba hoja. Na hoja hubebeka vizuri zaidi zikiwa zimekwisha kufungwa vifurushi. Hivyo mwongozo haukuhitaji kuidhinishwa na mtu. Swali na mwongozo vilikutana kama kufuli na ufunguo wake, na diwani ikabaki nje ya mlango.

Wenzetu wa Kenya wamegawa kazi kwa namna nyengine. Taasisi ya kukuza mitaala huidhinisha vitabu, na baraza la mitihani likatahini. Mwenye duka na mwenye mizani wakawa watu wawili. Jambo hilo ni jema, ingawa halijaiondoa biashara ya miongozo, maana riwaya na tamthilia zao za lazima nazo hufuatwa na vijitabu kama papa afuatwavyo na chazo. Lakini katika ushairi wana desturi moja ninayoitamani. Shairi huchapwa ndani ya karatasi ya mtihani, na mtahiniwa huenda hajapata kuliona. Hukaa nalo pale pale, akalifumbua kwa alichonacho: sikio lake, msamiati wake, ujuzi wake wa bahari na vina. Hakuna duka linalouza jibu la shairi ambalo halijafunguliwa. Najua maswali ya namna hiyo nayo hugeuka mazoea, mwanafunzi akakariri kuhesabu mizani na kutaja uhuru wa mshairi kama dawa ya kila ugonjwa. Hata hivyo, amelazimika kulisoma shairi zima angalau mara moja, na hilo si dogo.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la Waingereza ni hili. Mtahini ataje matini pale ambapo somo haliwezekani bila ya matini, lakini asiidhinishe ufafanuzi wa matini hizo, wala asiruhusu swali lake limfanyie mfafanuzi kazi ya uwakala. Asiyekubali tofauti hiyo afikirie dukani: mwenye mizani akiwa ndiye mwenye bidhaa, mnunuzi hana pa kushtakia, hata kama mwenye duka ni mcha Mungu.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila ya gharama ya kutisha. La kwanza, karatasi iwe na shairi moja lisilotoka katika orodha, na lipewe uzito wa haki. La pili, orodha ibadilishwe kwa muda unaojulikana kabla, ili diwani mpya zipate zamu na wachapishaji wajipange. Orodha iliyokaa mno huwa ukuta. Washairi waliomo ndani hugeuka sanamu, na walio nje hufa bila ya kusomwa. La tatu, baraza tayari huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya. Basi miongoni mwa majibu mazuri na liwekwe jibu la kijana aliyekwenda kinyume na mwongozo akatetea usomaji wake kwa maneno ya shairi lenyewe. Mwalimu mmoja akiliona jibu hilo limepewa maksi kamili, darasa zima litapumua.

Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuidhinishwa na baraza lolote ila baraza za mawe. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu, Mwalimu Sikujua akazikusanya, Taylor akaziandika, na diwani ikachapishwa mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya mshairi kufariki. Waliomhifadhi walikuwa wakibishana naye na kubishana juu yake. Sidai kwamba skuli irudi barazani. Vijana ni wengi na vyeti ni riziki. Ninachodai ni kwamba ule ubishi upatiwe nafasi ndani ya karatasi, hata ikiwa ni swali moja.

Nami nina deni. Nilimfundisha mtoto wa watu kuwa alichokisikia kwa sikio lake hakina thamani mbele ya kilichochapwa, na nilifanya hivyo kwa kumpenda. Walimu wengi wa visiwa hivi hufanya hivyo kila mwaka, kwa mapenzi yale yale. Mtihani ninaoutaka ni ule utakaomwezesha Maalim yeyote, akiulizwa swali nililoulizwa mimi, ajibu kwamba ndiyo, maksi zipo, kisha amsukumie mtoto diwani asome tena.