Besi Yenye Sura Nzuri na Kichwa Kizito

Besi ya Gibson Thunderbird husifiwa zaidi na watu ambao hawajawahi kuipiga saa tatu mfululizo wakiwa wamesimama. Kwao picha inatosha: mwili uliokatwa mshazari, kichwa kirefu chenye funguo upande mmoja, ndege aliyechorwa kwenye plastiki nyeupe, rangi ya sanibasti iliyoungua kingoni. Ikitundikwa ukutani dukani, kila apitaye husema hiyo ndiyo kazi ya fundi. Ni ya fundi kweli, ila fundi wa magari. Ray Dietrich, mbunifu wa bodi za magari huko Marekani, ndiye aliyeitwa na Gibson achore gitaa la Firebird pamoja na besi yake, na zote mbili zikatoka mwaka 1963. Mchoraji wa magari huwaza chombo kitakavyoonekana kikipita. Kitakavyoning'inia begani si kazi aliyosomea.

Kwa sauti hakuna ubishi. Besi za Gibson zilizotangulia, EB-0 na EB-3, zilikuwa na skeli fupi ya inchi 30.5 na sauti nene iliyofunikwa, nzuri kwa kujaza chumba lakini mbovu kwa mpigaji anayetaka kila noti isikike mahali pake. Thunderbird ilikuja na inchi 34 sawasawa na Fender, shingo ya mahogani inayopenya mwili mzima mpaka mkiani, na pikapu zinazonguruma bila kumeza noti. John Entwistle wa The Who, Martin Turner wa Wishbone Ash na Pete Way wa UFO waliipiga majukwaani, na hao hawakuwa watu wa kudanganywa na rangi. Kwa hiyo mnunuzi anayeitamani hana kosa. Kosa huanza pale anapoipima akiwa amekaa.

Asiyezoea hukagua rangi, mikwaruzo, mwaka, pikapu na bei, kisha huchomeka jeki, akapiga mistari miwili mitatu anayoijua, akaridhika. Hakagui kitufe cha mkanda. Kitufe ni kijichuma kidogo chenye skrubu moja, hakina sauti wala sura, na ndicho kinachoamua kama besi hiyo itapigwa au itabaki pambo la sebuleni.

Leo Fender hakujua kupiga gitaa, lakini alijua mizani. Alipotengeneza Precision mwaka 1951 aliirefusha pembe ya juu ya mwili mpaka ncha yake ikafika karibu na freti ya 12, akaweka kitufe hapo. Wengi hudhani pembe ile ni urembo. Kazi yake ni ya mchukuzi wa mzega: bega liwe mahali ambapo pande mbili zinalingana, la sivyo upande mmoja utakwenda chini. Kitufe kikiwa mbele vya kutosha kuelekea kichwani, sehemu nzito ya besi hubaki katikati ya vitufe viwili na ala hutulia yenyewe. Kikirudi nyuma, uzito wa shingo na kichwa huushinda mkanda.

Katika Thunderbird ya asili, Dietrich alifanya kinyume. Pembe ndefu ameiweka chini, upande wa nyuzi nyembamba. Ile ya juu ni fupi, imekwisha mbali na freti ya 12. Juu ya kosa hilo pameongezwa shingo ndefu ya mahogani na kichwa kipana kilichobeba funguo nne za chuma. Mpigaji akiachia mkono wa kushoto, kichwa huinama taratibu kuelekea sakafuni, na mkono hurudi haraka kukidaka. Hapo ndipo watu husema, "Utaizoea." Anayezoea ni mgongo. Mkono wa kushoto uliopewa kazi ya kubeba hauwezi tena kuteleza: kidole gumba hubana shingo, kiganja hukaza, na mkono wa kulia nao hulazimika kugandamiza mwili kwa kigasha ili upande wa pili usipande.

Kuna hasara ya pili ambayo hata wauzaji waaminifu hawaitaji. Kitufe kilichorudi nyuma huisogeza besi nzima upande wa kushoto. Freti ya kwanza, ambayo kwa skeli ya inchi 34 tayari iko mbali, husogea mbali zaidi, na mpigaji mwenye mikono mifupi hujikuta amenyoosha kiwiko kwa kila noti ya F. Katika matoleo mengi kitufe kiko nyuma ya mwili, kwenye kisigino cha shingo. Hapo huzuka ugonjwa mwingine: uso wa besi hugeuka nje, ukawatazama watu wa mbele, na mpigaji haoni anapoweka vidole.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi. Besi ivaliwe kwa mkanda mwembamba wa nailoni, ule unaoteleza, kwa urefu ambao mpigaji huutumia jukwaani. Mpigaji asimame wima, aiweke shingo mshazari kidogo juu ya usawa, kisha aachie mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Besi nzuri hubaki ilipo. Ya wastani hushuka mpaka shingo iwe sambamba na sakafu na kusimama hapo, hiyo inasameheka. Inayoendelea kushuka mpaka kichwa kielekee goti ni mbovu, hata ingekuwa imepigwa na nani. Baada ya hapo mpigaji atembee hatua chache, ainame kidogo kama anayefuatisha kanyagio, kisha apige kwa dakika kumi kwenye freti tatu za kwanza tu. Maumivu yakianza juu ya kidole gumba, jibu limepatikana.

Walaghai wanakijua kipimo hiki vizuri kuliko wanunuzi. Wa kawaida humsogezea mteja kiti kwa ukarimu mwingi. Mwingine humvisha mkanda mpana wa swede, ngozi yenye manyoya inayoshika shati na kuzuia besi isiteleze. Kichwa hakidondoki, lakini uzito wote umehamia begani na shingoni mwa mtu. Besi inayohitaji swede haijasawazishwa, imekwamishwa tu. Wapo pia wanaopakia vipande vya risasi ndani ya tundu la waya na kufunika vizuri. Besi ya namna hiyo hutulia kweli, ila mizani ya jikoni huumbua mara moja: chombo kilichopaswa kuwa na kilo nne kimefika tano.

Katika muziki wa dansi jambo hili halikuwa la anasa. Mpiga besi alisimama tangu saa tatu usiku mpaka ukumbi ufungwe, na wimbo mmoja ulipofika kwenye chemko uliweza kuzunguka muda mrefu huku besi ikirudia mstari uleule bila kulegea. Anayesikiliza besi ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika anasikia mkono uliopumzika: noti zinapanda na kushuka kwa wepesi, na mapengo kati yake yana thamani sawa na noti zenyewe. Mkono unaobeba kichwa cha besi hauachi mapengo kama yale. Enzi za NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ala zilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, gitaa lilibaki. Hakuchagua sura. Alipewa besi iliyokuwepo, akaifunga mkanda, akajua ndani ya usiku mmoja kama ni mwenzake au adui yake. Masikio na mabega ya kizazi kile yalikuwa na elimu ambayo leo inatafutwa kwenye picha.

Mabingwa waliijua kasoro hii ya mizani na hawakuificha. Entwistle, katika miaka ya 1970, aliunganisha mwili wa Thunderbird na shingo ya Fender Precision, na chotara huyo akaitwa Fenderbird. Ned Steinberger alikwenda mbali zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1980 alileta besi isiyo na kichwa kabisa, funguo zikiwa mkiani. Ilichekwa kwa sura yake, nayo ikatulia begani kuliko nyingi za waliocheka.

Baada ya kitufe, jicho liende nyuma ya kichwa. Kichwa cha Gibson kimelazwa nyuma kwa pembe kali, na papo hapo, chini ya nati, mbao imechimbwa kupisha rodi ya shingo. Ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote na ndiyo inayobeba mvuto wa nyuzi nne nene. Besi ikianguka chali kutoka kwenye stendi, huvunjika hapo. Taa ndogo imulikwe kwa ubavu na ukucha upitishwe taratibu: ufa uliogundishwa huacha mstari unaohisika hata usipoonekana. Shingo iliyopakwa rangi nyeusi peke yake huku mwili ukiwa wa zamani ni ungamo tosha. Taa ya urujuanimno husaidia pia, kwani lakeri ya zamani hung'aa kwa umanjano na sehemu iliyopakwa upya hubaki giza. Ufa uliozibwa na fundi mzuri si msiba, na wakati mwingine hushika kuliko mbao yenyewe, lakini bei lazima ishuke karibu nusu. Anayeuza besi iliyovunjika kwa bei ya nzima akidai "haisikiki tofauti" aachwe na besi yake.

Kuhusu matoleo, machache yanatosha. Thunderbird II ina pikapu moja na IV ina mbili. IV ndiyo ya kununua. Mwaka 1965 Gibson waligeuza umbo na kuanza kugundisha shingo badala ya kuipenyeza mwilini, na toleo hilo likafa mwisho wa muongo. Sura yake haina mvuto, ila pembe ya juu ndiyo ndefu, kwa hiyo hukaa begani vizuri zaidi. Wakusanyaji huidharau na wapigaji wanaojua huinunua kimyakimya. Umbo la zamani lilirudi 1976, ndege akiwa na rangi za bendera ya Marekani. Za Epiphone zenye shingo ya skrubu ni za bei nafuu na zina kasoro ileile ya mizani bila sauti ile.

Uzito usizidi kilo 4.2. Nyuzi ziwe bapa. Rangi iwe sanibasti au nyeusi, maana nyeupe huvaliwa na wanaotaka kutazamwa kuliko kusikilizwa. Pikapu ya tatu ni dalili ya mtu asiyejua anachotafuta.

Besi iliyoanguka kwenye kipimo cha mkanda bado inaweza kununuliwa, mradi gharama ya tiba itolewe kwenye bei kabla ya kupeana mikono. Tiba ya kwanza ni funguo nyepesi, zenye karibu nusu ya uzito wa zile za kawaida; gramu moja iliyoondolewa kichwani ina nguvu kuliko gramu moja iliyoongezwa mkiani, kwa sababu kichwa kiko mbali zaidi na bega. Ya pili ni kuhamishia kitufe kwenye ncha ya pembe ya juu, kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye drili na mkono mtulivu, ingawa kwa besi ya miaka ya 1960 tundu jipya linaweza kula thamani kubwa kuliko faida yake. Hiyo ya miaka ya 1960 ibaki kwa mpigaji wa studio, ambaye hukaa kitini na kurekodi sauti anayoilipia. Mpiga dansi achukue ya baadaye, abadilishe funguo, atoboe bila huruma, kisha arudie kipimo cha nailoni palepale kwa fundi kabla hajalipa.