Jiwe la Nyayanga, Maji ya Chalbi

Ukifuata ufuo wa Ziwa Victoria kutoka mji wetu wa Kendu Bay kuelekea Homa Bay unaingia rasi ya Homa, na humo mna Kanam, Kanjera na Nyayanga, vijiji vya wavuvi na wakulima ambavyo wachunguzi wa chimbuko la binadamu wanavijua kuliko wanavyoujua mji wetu. Nyayanga palipatikana mawe yaliyochongwa yapata miaka milioni 2.6 iliyopita, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Mawe ya jirani pale ni laini, hayashiki makali. Mwaka 2025 watafiti walionyesha kwamba mengi ya yale mawe magumu yalitoka mbali, mengine umbali unaofika kilomita 13.

Kinachonishika katika habari hiyo ni ule mzigo. Hakuna anayebeba jiwe kilomita 13 kwa njaa aliyo nayo sasa. Hulibeba kwa njaa ya kesho, kwa ajili ya mnyama ambaye bado hajamwona, mahali ambapo bado hajafika. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipoanza sanaa ninayotaka kuisifu: sanaa ya kupanga safari. Nataka kuisifu kwa safari moja hasa, ile ya kutoka kwetu penye maji tele hadi Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kwenye jangwa lililohifadhi mifupa ya watangulizi wetu.

Njia kati ya sehemu hizo mbili imekwisha kupitiwa na historia. Mwaka 1932 mtafiti Louis Leakey alitangaza kipande cha taya kilichopatikana Kanam, akaamini kuwa ni cha mtu wa kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kutoka Uingereza kukagua, na Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa taya lilipotoka. Vigingi vya chuma alivyochomeka vilikuwa vimekwisha kung'olewa, na picha zake hazikufaa kuwa ushahidi. Ugunduzi ukaporomoka kwa kukosa alama. Leakey alikuja kufanya makubwa baadaye, na mwanawe Richard alianza kazi Koobi Fora mwaka 1968. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona kule vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470, la yapata miaka milioni 1.9. Watu kama yeye na Kamoya Kimeu walitembea juani miaka na miaka, macho chini. Kila ninaposoma habari zao najiuliza maswali ambayo vitabu havikai nayo sana: nani aliyepiga hesabu ya maji yao? Nani alijua lori la vyakula litafika lini?

Hifadhi ya Sibiloi, inayoizunguka Koobi Fora, ilianzishwa mwaka 1973, na tangu 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mna magogo ya miti yaliyogeuka mawe, ushahidi kwamba nchi ile ilikuwa na msitu. Karibu na Ileret kuna nyayo za miaka milioni 1.5, kisigino na kidole gumba vikiwa wazi. Mtu aliyezaliwa jirani na Kanjera ana haki na sababu ya kwenda kuziona. Lakini hafiki kwa haki na sababu. Hufikishwa na hesabu.

Kwetu maji hayahesabiwi. Yanaonekana ukiwa dukani, ukiwa shuleni, ukitoka msikitini, na ziwa likifura yanakuja yenyewe hadi mlangoni. Kwa hiyo anayepanga safari ya jangwani kutoka Kendu Bay huanza na kazi ngumu kuliko zote, ya kuhesabu kitu ambacho tangu utotoni alikichota bila kufikiri. Mwalimu wake, bahati njema, yuko karibu. Simbi Nyaima, ziwa lililo nje kidogo ya mji, limejaa maji na flamingo hula humo, lakini hakuna anayechota ya kunywa kwa sababu ya magadi. Ziwa Turkana nalo lina magadi. Wenyeji wengi hunywa maji yake kwa kukosa mengine, na floridi iliyomo huharibu meno na mifupa. Mgeni asiyaweke katika hesabu yake kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Watu 6, siku 5 za kwenda mbele ya Loiyangalani, mji wa ufukoni mwa Ziwa Turkana, na kurudi, lita 6 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia: lita 180. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya siku ambayo gari litakwama, kwa sababu siku hiyo ipo, hata kama tarehe yake haijulikani. Zinakuwa lita 240, jerikeni 12 za lita 20. Lakini lita 240 ni kilo 240, uzito wa abiria watatu au wanne waliokwisha kushiba. Uzito huo unakula dizeli, na mchanga nao unakula dizeli, kwa hiyo jerikeni za dizeli zinaongezeka. Zikiongezeka, tairi zinabeba zaidi, na spea moja haitoshi tena. Ukichukua spea mbili, nafasi ya turubai inapungua. Kila kitu katika orodha kimemshika mwenzake mkono. Mpangaji mzuri hujulikana kwa hilo: ukimwambia ongeza godoro, hatakataa wala hatakubali upesi, atarudi kwanza kwenye daftari aone ni nini kitakachosukumwa.

Halafu kuna jerikeni zenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana napenda kazi hii kuliko nyingine zote. Nyingi zinazouzwa sokoni zilikuwa za mafuta ya kupikia. Huoshwa kwa maji moto na majivu, zikasuuzwa kwa ndimu hadi harufu iishe. Hujazwa, hufungwa, kisha hulazwa ubavu juu ya gazeti kavu usiku kucha. Asubuhi gazeti ndilo linalotoa hukumu. Doa la ukubwa wa shilingi chini ya kifuniko, na jerikeni hiyo inarudi jikoni. Mpira wa kifuniko ukiwa umekauka hukatwa mwingine kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, kwa wembe, ukizungushwa polepole kufuata ukingo wa kifuniko. Zilizofaulu hufungwa utepe mweupe shingoni ili hata gizani mkono usichanganye maji na dizeli. Na hazikai pamoja. Nusu huwa mbele ya tairi za nyuma, nusu nyuma yake, zimebanwa na magunia. Hakuna anayeweka maji yote katika pipa moja, kwa sababu pipa likitoboka mara moja tu, safari imekwisha.

Kazi hii ya kupanga safari ina wakubwa wake katika lugha yetu, na nasikitika kwamba tunawataja kidogo. Mwaka 1887 Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel walipotaka kwenda kaskazini kutoka Pangani, walimchukua Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, ambaye miaka michache kabla alikuwa ametembea Umasaini pamoja na mvumbuzi Joseph Thomson. Wakuu wa misafara walijua kwamba ushanga unaopendwa huku haununui hata kibuyu cha maziwa kule. Walijua wapi hutakiwa masango na wapi hutakiwa nguo. Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 ilibidi wapagazi wakae chini watunge ushanga upya kwa urefu uliokubalika Umasaini. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Zidisha kibaba kwa mamia ya watu, kwa siku za nchi isiyo na soko, uone ukubwa wa hesabu iliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja kabla ngoma ya kuondoka haijapigwa. Msafara wa Teleki ulikaa kwanza Baringo kukusanya chakula, ukaondoka Februari 1888, na tarehe 6 Machi ukaliona ziwa. Hata hivyo njaa iliwaua wapagazi katika safari ile, maana nchi ilikuwa kame kuliko ilivyokisiwa. Wageni waliliita ziwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, likadumu hadi 1975. Volkeno iliyo kusini mwake inaitwa Teleki hadi leo. Sijaona kilima chenye jina la Kimemeta.

Msafara wa leo unakwenda kwa njia nyingine. Kutoka Kendu Bay unapanda Oyugis, Sondu, Kericho, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki na Isiolo, kote huko lami na chai ya njiani. Laisamis ndipo unapoachana na lami. Barabara ya kilomita 208 iliyokarabatiwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo inakupeleka hadi Sarima, kwenye mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mpangaji anapoisoma namba hiyo hafikirii umeme. Anafikiria mahema. Mahali panapozungusha mitambo 365 hapasimamishwi hema kwa vigingi vya kukodi, na Loiyangalani, chini ya mlima Kulal, upepo huvuma usiku kucha hata ukasomba sufuria. Basi hema hutafutiwa ukingo wa mawe, na kupika hufanyika kabla upepo haujaamka.

Jangwa la Chalbi, kwenye njia ya North Horr, ni habari nyingine. Lilikuwa ziwa, na mvua ikinyesha hukumbuka. Ukoko wa chumvi ulio mgumu kama sakafu mwezi Agosti hugeuka tope lisilotoa gari. Ndiyo maana wanaoijua kazi hawapangi kupita huko miezi ya masika, Machi hadi Mei, wala vuli ikianza. Nilimsikia kijana mmoja wa kwetu akimwuliza dreva mkongwe aliyekuwa akibeba samaki wakavu kutoka kaskazini: "Mzee, barabara ya Gas kwenda North Horr ikoje siku hizi?" Mzee akamjibu kwa upole, "Kijana wangu, mvua ilinyesha lini? Nijibu hilo kwanza, nami nitakujibu lako." Tangu siku hiyo safu ya kwanza katika daftari langu ni ya mvua, na mbele yake jina la mtu wa kumpigia simu katika kila kituo.

Simu hizo ni nusu ya ufundi. Biashara ya samaki imewapeleka watu wa Nyanza hadi Ziwa Turkana kwa miaka mingi, na Loiyangalani au Kalokol hukosi kukutana na anayezungumza Dholuo. Kupitia yeye unampata Mturkana au Mgabra anayeijua njia hadi Alia Bay, ndani ya Hifadhi ya Sibiloi, ambaye jicho lake linasoma alama za magurudumu zilizopishana na kujua ni zipi za wiki hii. Malipo ya hifadhi hukamilishwa mtandaoni ungali mahali penye mtandao, na noti ndogo ndogo zinatengwa kwa ajili ya huko mbele, kwa kuwa noti ya elfu moja haina chenji katika boma la watu watano. Chifu huarifiwa. Hali ya usalama huulizwa polisi na madreva, wote wawili, kwa sababu kila mmoja anajua asichokijua mwenzake.

Na kuna mzigo ambao mpangaji mwema haupunguzi hata gari likijaa: majani ya chai, sukari, tumbaku. Kwetu kila mtoto amesimuliwa habari za Simbi, kijiji kilichomfukuza kikongwe aliyeomba hifadhi usiku wa sherehe, na mvua ikakizamisha chote isipokuwa nyumba ya mwanamke aliyemkaribisha. Hadithi ile inamtazama mwenyeji. Jangwani sisi ndio wageni, na maji tunayoweza kupewa huenda mtu amekwenda nusu siku na punda kuyafuata. Kwa hiyo jerikeni moja kati ya zile 12 haihesabiwi kuwa yetu. Imepangiwa mchungaji tutakayemkuta njiani, na mpangaji huiandika hivyo tangu mwanzo, ili dreva mwenye kiu asije akaibishania.

Kazi ya mwisho hufanyika usiku wa kuamkia safari, wengine wakiwa wamelala. Mpango wote hunakiliwa kwa mkono, herufi kubwa: njia, vituo, namba za gari, majina ya wasafiri, namba za ndugu zao, dawa anazotumia kila mmoja, siku ya kufika Loiyangalani na siku ya kutoka. Nakala moja huachwa kwa mtu anayebaki Kendu Bay, naye huchaguliwa kwa makini kuliko hata dreva. Awe mtu asiyezima simu, asiyeogopa kumwamsha ofisa usiku, tena asiyetia watu hofu kabla ya wakati wake. Chini kabisa huandikwa siku na saa. Ikifika saa hiyo bila simu yetu, ampigie kwanza mwenyeji wa Loiyangalani, kisha kituo cha polisi cha North Horr, kisha walinzi wa hifadhi, kwa mfuatano huo. Husomewa yote kwa sauti, naye huyarudia hadi mpangaji aridhike, ndipo taa izimwe.