Kisukuma kwa Kifaransa

Kitabu cha Profesa Herman Batibo, Le kesukuma, kilitolewa Paris mwaka 1985. Aliniletea hapa Kalemela mwanafunzi wangu wa zamani, anayesoma uzamili wa isimu. Kinachambua sauti na maumbo ya maneno ya lugha yetu, nami nilikisoma kwa kamusi kama mtoto wa darasa la kwanza. Uchambuzi wenyewe sina ubavu wa kuupinga. Lakini Kifaransa! Wazee wenye lugha watakisahihishaje? Irving Richardson naye alikwisha kuonyesha mwaka 1959, kwa Kiingereza, kwamba toni ya juu ya Kisukuma huhama, ikasikika silabi mbili mbele. Nilipomweleza jirani yangu mfugaji, alijaribu maneno matatu, akacheka, kisha akauliza ni nani aliyetusikiliza namna hiyo bila kutuambia.