Kofia ya Shilingi 19: Msomaji Lengwa na Usawiri wa Maisha ya Kila Siku ya London katika Maandishi ya M. K. Gandhi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Mohandas Karamchand Gandhi alivyoyasawiri maisha ya kila siku ya London, ambako aliishi kuanzia mwaka 1888 hadi 1891 akisomea sheria. Matini mbili zinalinganishwa: mwongozo wa wanafunzi alioundika miaka ya 1893-94 akiwa Afrika Kusini, na tawasifu yake iliyoanza kuchapishwa mwaka 1925. Hoja kuu ni kwamba mambo anayoyaona mhamiaji katika jiji la ugenini, na yale anayoyanyamazia, huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mtu anayemwandikia. Makala inahitimisha kwa kuonesha umuhimu wa hoja hii kwa watafiti na washauri wa sera wanaotegemea maelezo ya wanafunzi walioko ughaibuni.

Utangulizi

Msomaji wa fasihi ya safari huvutwa kwanza na mshangao. Hutazamia kumwona mgeni akistaajabia majengo, baridi na wingi wa watu. Gandhi hakosi mshangao huo. Katika sehemu iliyosalia ya shajara yake ya London, anasimulia jinsi alivyoingia katika lifti ya hoteli akidhani ni chumba cha kukaa kwa muda. Hata hivyo, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ya Gandhi ilifika mapema: hoteli ilimdai pauni 3, naye akashtuka. Kuanzia hapo London haikuwa tena mandhari ya kutazamwa. Ilikuwa mahali pa kulipia chumba, chakula, nauli na stempu. Swali la makala hii ni hili: maarifa hayo ya siku ya tatu huandikwa wapi, na huandikiwa nani?

Mwongozo: jiji kama hesabu

Gandhi alifuzu uwakili Juni 1891 na kurejea India. Aprili 1893 alianza safari ya Natal kwa meli iliyotia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Ni baada ya safari hiyo alipoandika matini inayojulikana kama Guide to London, ambayo haikuchapishwa wakati huo na ikaja kuwekwa katika juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa maandishi yake. Msomaji lengwa wake anatambulika wazi: ni kijana wa Kihindi anayefikiria kwenda Uingereza, pamoja na wazazi wake wanaojiuliza kama watamudu gharama.

Kwa msomaji huyo, majumba ya kifalme hayana msaada. Anachohitaji ni kujua nani aende, achukue nguo zipi, apange chumba cha namna gani na ale nini. Gandhi anatetea hoja moja ya kiuchumi: mwanafunzi anaweza kuishi London kwa pauni 1 kwa wiki, na maisha hayo yakawa ya staha. Anapinga pia dhana kwamba nyama na mvinyo ni lazima katika nchi ya baridi. Hoja ya kutokula nyama, ambayo baadaye ingekuwa nguzo ya falsafa yake, hapa imefungamanishwa na bei.

Kifani, matini hii ni kavu. Ina orodha na hesabu, na nafsi ya mwandishi imerudi nyuma. Mhakiki aliyezoea kupima fasihi kwa taswira na hisia anaweza kuipuuza. Kuipuuza ni kukosa jambo la msingi, kwa kuwa katika orodha hizo mtawaliwa anaieleza London kwa mtawaliwa mwenzake pasipo kuomba idhini ya mwenye jiji. Mji mkuu wa himaya unashushwa hadi kiwango cha bidhaa sokoni: una bei, na bei hiyo inaweza kujadiliwa.

Tawasifu: uji uleule, maana nyingine

Tawasifu ya Gandhi ilianza kutolewa kwa Kigujarati katika gazeti la Navajivan mwaka 1925, miaka 34 baada ya kuondoka London. Wasomaji wake walikuwa wafuasi waliomjua kama kiongozi. Matukio ni yaleyale ya ujana, lakini yamepangwa upya.

Kwanza kuna sura ya majivuno. Gandhi anaeleza kwamba alinunua kofia ndefu ya kiungwana kwa shilingi 19, akashonewa suti ya jioni kwa pauni 10 katika mtaa wa Bond Street, akalipa pauni 3 kwa masomo ya kucheza dansi na pauni 3 nyingine kwa fidla. Kisha inafuata sura ya kujirekebisha. Aliacha vyumba viwili akapanga kimoja, akanunua jiko, akawa anapika uji wa oti na kuchemsha maji ya kakao asubuhi, mchana akila nje, na jioni akitumia mkate na kakao. Alitembea maili 8 hadi 10 kwa siku. Kila usiku alisawazisha hesabu zake, robo ya peni ikiwemo. Anasema aliweza kujikimu kwa shilingi 1 na peni 3 kwa siku.

Tukiziweka takwimu hizo pamoja, jambo ambalo tawasifu haifanyi, picha inakuwa kali zaidi. Kofia ile moja ilikuwa sawa na siku 15 za maisha yake ya baadaye, na suti ilikuwa sawa na siku 160. Aliyelipa ni kaka yake nyumbani, ambaye Gandhi anakiri kwamba maombi yake ya fedha yalimwelemea. Kwa hiyo hesabu za usiku zilikuwa pia hesabu za deni la kiukoo.

Ndani ya tawasifu, hata hivyo, uji ule umekuwa ishara ya kujitawala nafsi. Kilichokuwa bei katika mwongozo sasa ni fadhila. Mabadiliko haya hayatokani na London, ambayo ni ileile. Yanatokana na msomaji: kijana wa 1893 alihitaji kujua namna ya kushiba, ilhali mfuasi wa 1925 alihitaji mfano wa kuigwa.

Tawasifu inatoa pia kitu ambacho mwongozo usingeweza kukisema. Gandhi anakumbuka njaa katika nyumba alimopanga, ambamo alipewa vipande viwili au vitatu vya mkate na kuona haya kuomba zaidi. Anakiri pia kwamba yeye, aliyekuwa ameoa tangu umri wa miaka 13, alijifanya mseja kama walivyofanya vijana wengine wa Kihindi. Mwongozo unaotaka kuwatuliza wazazi haukuwa na nafasi ya aibu kama hizo. Kila msomaji lengwa hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Mipaka ya matini zote mbili

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja kisichosemwa. Mwanafunzi anayewaziwa katika mwongozo ni mwanamume. Katika miaka ileile Cornelia Sorabji alikuwa akisoma Chuo cha Somerville, Oxford, tangu 1889. Mwanamke asingeweza kuupokea ushauri wa kuhamia chumba cha bei nafuu, kupika peke yake na kutembea maili 10 mjini kana kwamba ushauri huo hauna gharama nyingine kwake. Vilevile, kazi ya mwenye nyumba wa Kiingereza, anayefagia na kuwasha moto, huonekana katika matini kama sehemu ya kodi tu. Hesabu ya pauni 1 ni sahihi kwa anayehesabu. Haihesabu kila mtu.

Mwangwi katika nathari ya Kiswahili

Fasihi yetu ina matini za kipindi hichohicho. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890, na maelezo yake yalichapishwa na C. G. Büttner mwaka 1894. Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli ya Carl Velten, 1901. Matini hizi ni hazina ya lugha. Hata hivyo, zilikusanywa na wanazuoni wa Kijerumani kwa mahitaji yao, na msomaji wa kwanza alikuwa Mzungu aliyetaka kujifunza Kiswahili. Tukizisoma kama ushahidi wa namna Mswahili alivyoiona Ulaya, tunapaswa kuuliza pia kile ambacho Amur angemwandikia mpwa wake aliyetaka kumfuata Berlin. Linganisho na Gandhi linatuonesha umbo la matini tunayoikosa.

Hitimisho na mapendekezo

Serikali na vyuo vya ukanda wetu hupeleka vijana nje, kisha huwaomba ripoti. Ripoti kwa mfadhili huelekea kushukuru. Kumbukumbu ya mzee aliyefanikiwa huelekea kufundisha maadili. Zote mbili ni za kweli kwa kiasi chake, lakini mshauri wa sera anayepanga posho kwa kutegemea hizo pekee hatajua ni nani alikuwa akilala njaa kwa haya ya kuomba mkate.

Makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili zikusanye maandishi ambayo wanafunzi huandikiana wenyewe, yaani barua, ujumbe wa simu na orodha za matumizi, kwa ridhaa yao na kwa kuficha majina. Pili, maandishi hayo yahakikiwe kama fani, kwa vigezo vya uteuzi, mpangilio na ukimya. Tatu, miongozo ya wanaokwenda masomoni iandikwe kwa Kiswahili na waliorejea karibuni, wanawake na wanaume, kabla bei hazijageuka kuwa mawaidha.