Ufundi wa Kupanga Vitufe

Programu ya barua pepe humfikia mtumiaji ikiwa imeshapangwa na watu wasiomjua. Hawajui kama ni karani anayesambaza ankara kutwa nzima, au mhariri ambaye shughuli yake kubwa ni kusaka barua ya mwezi uliopita. Basi huweka vitufe vinavyoelekea kumfaa kila mtu. Kuupanga upya upauzana ni ufundi kamili, nami nausifu kwa sababu humlazimu mtu aijue kazi yake kwanza.

Chukua Thunderbird, programu ya Mozilla ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Katika toleo la 115, la mwaka 2023, upauzana ulipandishwa juu kabisa ya dirisha. Ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague amri ya kuupanga, na vitufe vitakuwa chini ya mkono wako: utaburuta hiki ndani, utakitoa kile, utaamua vionyeshe picha, maneno au vyote viwili. Barua zina mpangilio wake, kalenda nayo ina wake. Miongoni mwa vitu vya kuburuta kimo kimoja kisichofanya kazi yoyote, nacho ni nafasi tupu. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Mwanagenzi hujaza; fundi hupunguza, kisha huacha pengo kati ya Jibu na Futa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kuifikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wake. Wengi huitumia kanuni hiyo kusogeza vitu karibu. Naona inafaa vilevile kusogeza mbali: Jibu Wote, chenye uwezo wa kupeleka neno la siri kwa idara nzima, kinastahili safari ndefu kidogo, jicho lipate kuuwahi mkono.

Wapo watakaosema kibodi ina kasi zaidi. Ni kweli kwa amri za kila saa, lakini amri ya mara moja kwa mwezi haikai vidoleni, ilhali kitufe kinaonekana hata ukisahau. Wengine watataka mashine ijipange yenyewe. Microsoft ilijaribu katika Office 2000, menyu zikawa zinaficha amri zisizotumika sana. Mkono nao hauwezi kuzoea mahali panapohamahama, na Word na Excel za mwaka 2007 ziliachana na menyu hizo. Hoja nzito ni ya kompyuta ya ofisi inayotumiwa kwa zamu, maana mpangilio unaomfaa wa asubuhi humkwaza wa usiku. Hapo nakubali kwamba mtu mmoja hana haki ya kuwapangia wote. Thunderbird humruhusu kila mmoja awe na wasifu wake, wenye barua zake na vitufe vyake. Ofisi isiyotaka usumbufu huo na ibaki na mpangilio wa awali, na amri ya kuurudisha imo ndani ya dirisha lilelile la kupangia.